Serikali Ni Ile Inayojibu
Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa kartie Saio, Bunia, mwezi wa kumi 2025



Tulipotangaza kwamba leo tutaongea juu ya kazi ya baraza la mawaziri, wengine walitujibu papo hapo mu WhatsApp: "Mawaziri biko Kinshasa, siye tuko Saio, ile inatuangalia nini?" Swali ni nzuri. Njo maana tunaanza nalo.

Hapa kati yetu kuko wenye lisansi ya sheria, ya uchumi, ya ualimu, na karibu wote hatuna kazi. Kuko wanaoendesha moto, wanaouza yuniti za simu, wanaosuka nywele. Tukikutana kwenye kona, maswali ni yaleyale. Kwa nini barabara ya Komanda inafunguka wiki hii na kufungwa wiki ijayo? Kwa nini watu wa Djugu wanazeekea kambini? Pesa ya jimbo inapita wapi? Kila mara tunamaliza kwa neno moja: "Serikali iangalie." Lakini serikali gani? Nani ndani yake? Analazimika kujibu mbele ya nani? Kama hatujui, kilio chetu ni barua isiyo na adresi.

Tuanze na jambo rahisi. Rais ni Rais, serikali ni serikali. Katika Marekani mawaziri ni watu wa Rais: yeye anawaweka, yeye anawatoa. Katika inchi zenye mfumo wa bunge, mambo ni mengine. Waziri mkuu na mawaziri wake wanakaa kwenye kiti kwa sababu wabunge wengi wanawaamini, na siku imani ile inaisha, wanaondoka. Tarehe 28/03/1979 serikali ya James Callaghan ilianguka kule London kwa kura 311 dhidi ya 310. Kura moja tu, na waziri mkuu akalazimika kurudi mbele ya wapigakura.

Sisi Kongo tulichagua njia ya katikati. Katiba ya tarehe 18/02/2006 inatupa Rais tunayemchagua sisi wenyewe, lakini inatupa pia serikali inayodaiwa na bunge. Kifungu cha 78 kinasema waziri mkuu anatoka katika wingi wa wabunge. Kifungu cha 90 kinasema kabla ya kuanza kazi, anakwenda mbele ya Bunge la Taifa na programu yake, na wabunge wanapiga kura. Mama Judith Suminwa alipita pale mwezi wa sita 2024, akapata kura 397. Hakuna serikali inayoingia kazini bila mlango ule.

Kisha kuko kifungu cha 91, na tunaomba kila kijana wa Saio akijue kama anavyojua jina la avenyu yake. Kinasema: serikali, ikipatana na Rais, inapanga siasa ya taifa, serikali inaiongoza, serikali inaibeba. Kinasema tena kwamba utumishi wa umma, jeshi, polisi na idara za usalama viko mikononi mwa serikali. Na kinasema pia: serikali inawajibika mbele ya Bunge la Taifa. Mmesikia vizuri? Jeshi limo ndani ya orodha ile. Ulinzi na usalama ni mambo ambayo Rais na serikali wanashirikiana. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba mambo ya usalama wa Ituri hayaulizwi, tumwonyeshe kifungu cha 91.

Baraza la mawaziri lina kazi tatu.

Ya kwanza ni kuamua pamoja. Wanakutana, mara nyingi siku ya Ijumaa, chini ya Rais, na usiku ule mnasikia ripoti ikisomwa kwenye televisheni. Kilichoamuliwa pale ni cha wote. Waziri hawezi kutoka mlangoni akasema kwamba yeye hakukubali. Kama hakubali, aache kiti. Ya pili ni kutekeleza: kila waziri ana wizara, ana watumishi, ana pesa katika bajeti. Ya tatu ni kujibu. Na hii ya tatu njo inayozipa uzito zile mbili za kwanza. Maamuzi yasiyoulizwa ni maneno ya televisheni. Pesa isiyoulizwa, wote tunajua njia inayochukua.

Vyombo vya kuuliza viko. Kifungu cha 138 kinawapa wabunge swali la mdomo au la maandishi, swali la mambo ya sasa, kumwita waziri ajieleze mbele ya wote, tume ya uchunguzi, na kumsikiliza waziri ndani ya komisyo. Na kama majibu hayaridhishi, kifungu cha 146 kinatoa mosioni. Ili kuanza mosioni dhidi ya waziri mmoja, inatosha saini za sehemu moja ya kumi ya wabunge. Bunge letu la Taifa lina viti 500, kwa hiyo ni saini 50. Dhidi ya serikali nzima ni robo, yaani 125. Wanangoja saa 48, wanajadili, wanapiga kura. Ikipita, waziri mkuu ana saa 24 za kupeleka barua ya kujiuzulu kwa Rais.

Wengine mtasema hizo ni karatasi. Tuangalie basi historia, maana inchi hii imelipa bei kubwa juu ya jambo hili.

Mwaka wa 1960 tulianza uhuru na mfumo wa bunge kabisa. Tarehe 23 na 24/06/1960 serikali ya Patrice Lumumba ilipigiwa kura: 74 katika chumba cha wabunge chenye viti 137, na 60 katika Seneti. Haukuwa ushindi mkubwa, lakini alikuwa amepita mlangoni. Tarehe 05/09, Rais Kasa-Vubu alitangaza kwenye radio kwamba anamfukuza. Lumumba alikwenda kujieleza mbele ya wabunge. Chumba cha wabunge kilifuta uamuzi ule, Seneti nayo ikaukataa. Yaani mahali pa kumaliza ugomvi palikuwepo na palikuwa panafanya kazi. Tarehe 14/09, Kanali Mobutu alisema anawaweka wanasiasa wote pembeni, na bunge likafungwa.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa inatuhusu sisi wenye diploma. Mobutu aliweka nani kwenye viti vya mawaziri? Aliweka vijana. Wanafunzi wa univasite na wale waliotoka kumaliza masomo, ambao aliwaita makamishina, na Justin Bomboko juu yao. Ilikuwa serikali ya vijana wasomi, kama ile tunayoiota sisi tukikaa kwenye kona bila kazi. Lakini hawakupigiwa kura na mtu, na hakuna bunge lililoweza kuwauliza. Ni katika kipindi kile Lumumba alipelekwa Katanga, akauawa tarehe 17/01/1961. Njo maana sisi hatusemi tu "tupeni vijana serikalini". Kijana asiyeulizwa anakuwa mkubwa asiyeulizwa, na haraka sana. Kwanza tunataka kiti chenye kuulizwa. Nani atakaa juu yake, tutaongea baadaye.

Miaka mitano baadaye, mambo yalirudi. Mwezi wa kumi 1965 Kasa-Vubu alimwondoa Moïse Tshombe na kumweka Évariste Kimba. Tarehe 14/11 wabunge walimkataa Kimba. Rais akamrudisha jina lake tena. Wakakwama, na tarehe 24/11 Mobutu akachukua inchi. Mwezi wa kumi 1966 alifuta hata kiti cha waziri mkuu. Mnaona njia ilivyopita: kwanza anafunga mahali pa kuuliza, kisha anaondoa yule wa kuulizwa. Bazazi wetu walikaa ndani ya nyumba ile kwa miaka zaidi ya thelathini.

Turudi karibu. Mwaka wa 2021 tuliona vyombo vya katiba vikifanya kazi kwa nguvu. Tarehe 27/01/2021 Bunge la Taifa lilipiga kura ya mosioni dhidi ya waziri mkuu Sylvestre Ilunga Ilunkamba. Kura 367 zikamwangusha, na siku mbili baadaye akapeleka barua yake. Tarehe 26/04 serikali ya Sama Lukonde ikapita kwa kura 410. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba wabunge hawajui kuuliza. Wanajua. Lakini mosioni ile ilizaliwa katika ugomvi wa kambi mbili kubwa za siasa juu ya nani atashika wingi bungeni. Chombo kiliamka kwa sababu ya viti. Juu ya maisha ya mtu wa Djugu, wa Irumu au wa Mambasa, bado tunangoja kiamke namna ile.

Na wiki moja tu baada ya kura zile 410, njo ilikuja eta-de-sieje. Ilitangazwa tarehe 03/05/2021, ikaanza tarehe 06/05 katika Ituri na Kivu ya Kaskazini. Hapa tunafika nyumbani.

Kwa katiba, jimbo lina baraza lake la mawaziri. Kifungu cha 198 kinasema: gavana anachaguliwa na wabunge wa jimbo, anaweka mawaziri wasiopita kumi, anapeleka programu, inapigiwa kura. Wabunge wa jimbo wanaweza kuwaangusha kwa mosioni, mmoja mmoja au wote. Hiyo njo serikali iliyo karibu na Saio. Kutoka hapa unakwenda kwa mguu mpaka mlangoni pake.

Katika eta-de-sieje, kiti kile kilibadilika. Gavana ni askari, msaidizi wake anatoka polisi, wote wawili waliwekwa na Rais na wanamjibu yeye. Bunge la jimbo lilisimamishwa. Kesi za jinai za raia zilipelekwa kwenye mahakama ya kijeshi. Tarehe 20/12/2023 tulipanga mustari, tukapiga kura ya wabunge wa jimbo kama Wakongo wengine. Lakini serikali ya jimbo inayotoka kwao, yenye kupita mbele yao na kuulizwa nao, mpaka leo hatujaiona.

Hatusimami hapa kumtukana mtu aliyevaa uniforme. Wanajeshi wadogo wanaokufa kwenye barabara hizi ni vijana kama sisi, na wengine mishahara yao tunajua ilivyo. Swali letu ni moja: tangu 2021, mtu wa Bunia akiwa na swali juu ya jimbo lake, ni nani anayelazimishwa na sheria kumjibu? Hapa Ituri, hakuna. Jibu lilihama, likaenda Kinshasa, ndani ya baraza la mawaziri. Yule aliyetuuliza mawaziri wanatuangalia nini, jibu lake ni hili. Wananchi wa majimbo mengine wana serikali mbili za kuuliza. Sisi tunabakia na moja tu, na iko mbali.

Tena katiba iliweka kamba fupi. Kifungu cha 144 kinasema eta-de-sieje ni ya siku 30. Baada ya hapo inakufa yenyewe, isipokuwa Bunge la Taifa na Seneti waruhusu siku 15 zingine, wakiombwa na Rais kwa uamuzi wa baraza la mawaziri. Siku 15, kisha tena 15. Bunge linaweza pia kuimaliza kwa sheria wakati wowote. Wakati wabunge wako likizo, serikali imekuwa ikiongeza yenyewe, kwa ruhusa ambayo bunge linaipa chini ya kifungu cha 129.

Fanyeni hesabu pamoja nasi. Kutoka mwanzo wa mwezi wa sita 2021 mpaka leo, siku 15 zimerudiwa zaidi ya mara mia moja. Ni zaidi ya mara mia moja ambapo mawaziri walipaswa kuweka Ituri juu ya meza na kuuliza: tulisema nini wiki mbili zilizopita, tumefika wapi? Siku zile 15 hazikuwekwa ili kuchosha watu na karatasi. Ziliwekwa ili kila mara kuwe na mtu wa kusimama na kueleza.

Katikati ya siku zile, usiku wa kuamkia tarehe 02/02/2022, watu wapatao 60 waliuawa katika kambi ya Plaine Savo, Djugu. Walikuwa wamekimbilia pale ili wapone. Tarehe 27/07/2025, Komanda, watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao wakiwa kanisani wanakesha. Mwezi wa nane 2023 waliita mkutano mkubwa Kinshasa juu ya eta-de-sieje, wajumbe wetu walikwenda na kusema. Tarehe 12/10/2023 Rais alitangaza kwamba itapunguzwa pole pole. Ni miaka miwili sasa. Pole pole ile imefika kilometa ngapi? Nani ana ripoti?

Tunajua majibu mawili yatakayokuja, tuyasikie kwa heshima.

Jibu la kwanza: "Wakati wa vita, askari haulizwi." Sisi hatuombi kujua kikosi kimelala wapi. Tunaomba kujua matokeo: vijiji vingapi watu wamerudi, barabara gani inapitika bila kulipa kwenye kila barieri, kesi ngapi zimehukumiwa. Na kama kuko siri, kifungu cha 118 kinaruhusu wabunge kufunga milango na kumsikiliza waziri peke yao.

Jibu la pili tunalisikia hata kwa wazee wetu: "Hata wale mawaziri wa jimbo wa zamani walikuwa wanakula tu." Inawezekana. Hatukuja kulilia mtu yeyote. Lakini mwizi aliye ndani ya nyumba yenye mlango, siku moja unaweza kumtoa. Dawa ya waziri mbaya ni mosioni. Kufuta kiti kizima kunamwacha mwananchi bila waziri mbaya na bila waziri mzuri.

Na msifikiri ni Wazungu tu wanaoweza. Jirani zetu wa Tanzania, mwaka wa 2008, walikuwa na mambo ya mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Bunge lao liliunda kamati ya uchunguzi chini ya Harrison Mwakyembe. Kamati ilisoma ripoti yake mbele ya inchi nzima, radio ikiwa wazi. Tarehe 07/02/2008 waziri mkuu Edward Lowassa aliomba kujiuzulu, mawaziri wawili wakamfuata, na Rais Kikwete akavunja baraza lote akaunda lingine. Kila kitu kilianza na wabunge wachache waliopewa ruhusa ya kuuliza, na wananchi waliokuwa wakifuata kila siku.

Basi sisi tunafanya nini?

Kuko kifungu kimoja ambacho hakihitaji uwe mbunge. Ni cha 27. Kinasema kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, ana haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa mamlaka ya inchi, na mamlaka inajibu ndani ya miezi tatu. Tumeandika ombi letu kwa waziri mkuu, na nakala kwa wabunge wa Taifa waliochaguliwa Ituri. Lina maswali matatu:

1. Kila mara baraza la mawaziri linapoamua kuomba siku 15 zingine, linasoma ripoti gani juu ya Ituri, na kwa nini ripoti ile haisomwi mbele yetu?

2. Ni dalili gani zitakazoonyesha kwamba eta-de-sieje imemaliza kazi yake? Mtu anayejenga nyumba anajua siku ya kuweka mabati. Tunataka kujua mabati yako wapi.

3. Wakati bunge la jimbo haliulizi, pesa ya jimbo la Ituri, ile inayotozwa hapa na ile inayotoka Kinshasa, inahesabiwa mbele ya nani?

Sasa hivi wabunge wako katika kikao cha bajeti, kilichoanza tarehe 15/09 na kitamalizika tarehe 15/12. Ni wakati ambao mawaziri wote wanalazimika kuja kuomba pesa, na anayeomba pesa anaweza kuulizwa. Kwa hiyo tunawaambia wabunge wetu: kabla ya kuinua mkono juu ya bajeti, ulizeni maswali haya matatu. Na wakirudi hapa likizo, tusiwapokee na ngoma tu. Tuwape kiti, tuwape maji, tuwaulize: uliuliza nini, na walikujibu nini?

Karatasi ziko pale mezani. Anayetaka kutia saini, atie. Asiyetaka, hatutamchukia, achukue nakala asome nyumbani, amsomee mama yake kwa Kiswahili. Namba ya simu haihitajiki. Hatubebi jiwe, hatuchomi tairi, hatumfungii mtu duka lake. Tunabeba swali.

Tukipeleka mwezi huu, miezi tatu inamalizika mwezi wa kwanza 2026. Wakijibu, tutasoma jibu hapa hapa Saio, lote, hata kama halitupendezi. Wasipojibu, tutahesabu siku pamoja nanyi, kisha tutaandika tena, na safari ile tutawapelekea wabunge majina ya vifungu vilivyovunjwa, tuwaombe wamwite waziri anayehusika.

Sasa ni zamu yenu: ulizeni.